Maji Yaliyobaki Kifuani

SEHEMU YA SABA

"Piga! Si umeshaliinua? Piga basi, Mama Anselm, watu waone!"

"Mwambie kwanza mwanao aondoe goti kwenye kabichi zangu, halafu ndiyo nitajua cha kupiga!"

"Kabichi zipi? Hii ni njia! Naolewa hapa Gare nimeikuta njia!"

"Ilikuwa njia Anselm wangu akiwa hai. Sasa hivi ni kabichi."

Jembe tuliliacha hewani wiki iliyopita, na hewani bado liko. Aliyelishika ni Dorothea, mama yake marehemu Anselm. Aliyetanua mikono mbele ya jembe ni Yudith, jirani yake wa bondeni. Na nyuma ya Yudith, amepiga magoti katikati ya miche, ni Danieli, mtoto wa Yudith. Miaka ishirini na saba, mabega ya kubeba magunia mawili, lakini anavuta pumzi kama mtu anayenyonya uji mzito kwa mrija.

Wewe uliyekosa gazeti kwa sababu ya msiba, au kwa sababu jirani alilichukua kufungia vitumbua, hali ndiyo hii.

Miezi miwili iliyopita, Anselm na Danieli walianguka baharini siku moja. Walikua pamoja, wakasoma pamoja, wakaajiriwa pamoja kwenye meli moja ya mizigo huko Tanga. Anselm alirudi Gare ndani ya sanduku lililopigiliwa misumari, na amri kwamba lisifunguliwe. Danieli alirudi na miguu yake, ila mapafu yaliyojeruhiwa na maji ya chumvi hayajarudi mpaka leo. Barua ya wenye meli ilikuwa na mistari minne. Mstari wa tatu ulisema kwamba boya lililotupwa majini lilikuwa moja.

Boya moja, vijana wawili. Aliye hai ni nani? Hesabu hiyo Dorothea hakuhitaji mwalimu.

Ndipo akailima njia. Nyumba ya Yudith iko chini, barabara iko juu, na katikati ni uwanja wa Dorothea. Njia nyingine ipo, ya kushuka mpaka mtoni na kupanda mlima wa ng'ambo, saa nzima ya kupanda kwa mtu mwenye afya. Danieli anatakiwa zahanati kila Jumatano, achomwe sindano na apimwe pumzi kwa kile kidude cha kubana kidole. Jumatano iliyopita alijaribu njia ya mtoni. Walimrudisha wamembeba kwenye kiti, midomo imekuwa ya bluu. Nesi hakuzungusha maneno. Alisema, "Akipanda tena ule mlima msimlete kwangu. Mpelekeni moja kwa moja kwa mchungaji."

Leo ni Jumatano. Yudith ameamua: tunapita hapa hapa.

"Mwanao alifunguliwa mlango wa kurudi," Dorothea alisema. "Wangu alipigiliwa misumari."

"Na misumari hiyo nilipigilia mimi?"

"Wewe ulizaa aliyemwachia mkono!"

"Mama, turudi nyumbani," Danieli akasema kwa sauti ndogo.

"Kaa kimya wewe!" wanawake wote wawili wakamkemea kwa pamoja. Kisha wakatazamana kwa hasira zaidi, kama vile hata kukubaliana kwa neno moja ni aibu.

Watu walikuwa wamejaa. Ugomvi wa Gare hausikiki peke yake, mlima wa huku unaupokea na kuupeleka mlima wa kule, na kila anayeusikia anaacha jembe lake. Mbele kabisa alisimama Esteria, anayeuza matunda sokoni Lushoto na kutoa habari bure kwa kila kilo.

"Mimi nilisema tangu zamani," Esteria alimwambia jirani yake, kwa sauti ya kusikika na wote. "Mtu akirudi peke yake kutoka majini, muulize vidole vyake vilikuwa vimeshika nini."

Kornelio, balozi wa nyumba kumi, akafika, mabuti yana tope, sweta limevaliwa nyuma mbele kwa haraka.

"Mama Anselm, shusha jembe."

"Nilishushe wapi, balozi? Nichagulie mahali."

"Usinifanye nicheke, kuna msiba hapa."

"Msiba wa nani? Huyu naona anapumua!"

Yudith akamrudishia tusi la Kishambaa ambalo gazetini halipiti. Wazee wawili wakaziba masikio. Esteria akasogea karibu zaidi.

Na jembe likapanda juu kidogo.

Hapo ndipo pikipiki ilipozimwa kule barabarani.

Mtu mfupi, mnene, wa miaka arobaini hivi, aliteremka akiwa na begi la bluu begani. Alishuka kwenye mteremko kwa ubavu, kama wanavyoshuka watu wa tambarare wanaoogopa milima. Alipoona umati akavua kofia.

"Hodi hapa. Samahanini jamani. Namuulizia mama yake Anselm."

"Ndiye huyo mwenye jembe," alisema Esteria.

Mgeni alitazama jembe, akatazama mwenye jembe, akainamisha kichwa. "Shikamoo, mama."

Dorothea ana hasira, lakini hakulelewa porini. "Marahaba," akaitikia, jembe liko juu vile vile.

"Naitwa Yohane. Mimi ni mtu wa Muheza. Nilikuwa mpishi kwenye ile meli." Akafungua zipu ya begi. "Hivi ni vitu vya marehemu. Wenzangu walitaka kugawana, nikavificha chini ya mchele. Nimechelewa, mama, nisamehe. Mpaka nilipoacha kazi ndipo nikapata nafasi ya kupanda huku."

Akatoa sweta la kijivu lenye mistari miwili myekundu mikononi.

Dorothea alilifuma mwenyewe. Mstari mmoja umepinda, kwa sababu siku hiyo Anselm alimchekesha akakosea kuhesabu. Jembe lilianguka lenyewe, likakata miche mitatu ya kabichi. Hakuliangalia. Alilichukua lile sweta akalinusa, na uso wake ukabadilika. Halikuwa na harufu ya mwanawe. Lilinuka mchele.

"Danieli!" Yohane akaita alipomwona yule aliyepiga magoti. "U mzima, mdogo wangu?"

Sasa, mtu akimwona rafiki wa shida, uso unafunguka. Wa Danieli ulijifunga. Aliinamia chini kama anayetafuta kitu kwenye udongo.

Esteria aliliona hilo. Esteria huona yote.

"Ulikuwepo siku ile?" Dorothea alimuuliza mgeni.

"Nilikuwepo, mama. Kamba niliivuta mimi kwa mikono hii."

"Basi sema hapa, balozi asikie na Mungu asikie. Boya alilishika nani?"

Yudith akaacha kupumua. Danieli, ambaye pumzi hana, akaacha naye.

"Anselm," alisema Yohane.

"Nani?"

"Boya alilishika Anselm, mama. Alipewa na huyu hapa."

Umati ukapiga kelele ya chini, ile ya watu waliokanyagwa vidole. Yohane akaendelea, na hakuna aliyemkatiza.

Ilikuwa saa tatu asubuhi. Turubai lililofunika mabati lilifunguka kamba. Wakatumwa vijana wawili kulifunga, Anselm na Danieli. Meli ikainuka kwa wimbi, turubai likajaa upepo, likamsukuma Anselm nje kama mtu anavyosukuma kuku mlangoni. Danieli alikuwa amejizungushia ncha ya kamba mkononi. Ikamfuata rafiki yake, na yeye akaifuata.

"Jaketi za kuelea hawakuvaa?" Kornelio aliuliza.

"Zipo, baba. Ziko kabatini ndani ya nailoni zake, na funguo anazo nahodha. Zile ni za kumwonyesha mkaguzi."

Mtu mmoja akatema mate.

"Nikatupa boya. Danieli ndiye aliyelifikia kwanza, nilimwona kwa macho yangu mawili. Alilishika, akageuka, akalisukuma kwa Anselm. Yeye akabaki ameshika kikamba cha pembeni kwa vidole, na kila wimbi linampita juu ya kichwa. Dakika ishirini mpaka meli igeuke, mama. Ndiyo maana kifua chake kimekuwa hivyo. Alikunywa bahari kwa ajili ya mwenzake."

Yudith alipiga kigelegele.

Hakikuwa cha furaha. Kilikuwa kama kitu kinachochanika. "Semeni sasa!" alipaza sauti huku akizunguka na kunyoosha kidole uso kwa uso. "Semeni tena muuaji! Wewe Esteria, sema tena habari za vidole!"

"Mimi?" Esteria akashika kifua. "Mimi si ndiye nilisema tangu zamani kwamba huyu kijana hana roho mbaya?"

Watu ni watu. Waliokuwa upande wa juu, wa Dorothea, wakaanza kushuka hatua moja moja kuelekea upande wa Yudith. Mmoja akamshika Danieli kwapani, akamwinua. Mwingine akampangusa udongo magotini.

"Mama Anselm," Kornelio akasema taratibu, "umesikia mwenyewe. Njia inafunguliwa leo. Vijana, ng'oeni miche. Kwa adabu, msiikanyage."

Dorothea hakubisha. Alikuwa ameketi chini, sweta mapajani. Vijana wawili wakainama. Mche wa kwanza ukang'oka, wa pili ukang'oka.

"Yohane," Dorothea akaita.

"Naam, mama."

"Boya alikuwa nalo mwanangu."

"Ndiyo, mama."

"Asiye na boya yuko hapa. Mwenye boya nimemzika. Nieleze."

Waliokuwa wanang'oa wakanyoosha migongo.

"Anselm hakufia majini, mama," Yohane alisema.

"Unasemaje?"

"Tulimtoa mzima. Alipanda ngazi ya kamba mwenyewe. Akakaa juu ya gunia, anakohoa kidogo, anacheka. Akanitania. 'Yohane, leo chumvi umezidisha.'"

Dorothea akatoa sauti fupi, kicheko kilichokosa njia. Hayo yalikuwa maneno ya mwanawe kabisa. Asingeweza kuyatunga mpishi wa Muheza.

"Akapanda mwenyewe," alirudia. "Akacheka. Sasa alikufa na nini?"

Yohane akaangalia viatu vyake. "Hayo ni ya Mungu, mama."

"Mungu ana yake. Nakuuliza ya kwenu."

"Basi jamani!" Yudith aliingilia kwa haraka, na haraka ile haikuwa nzuri. "Imetosha! Bodaboda niliyokodi inangoja barabarani, nesi anafunga saa nane. Danieli, twende. Pita mwanangu, njia ni yako."

Na kweli ilikuwa yake. Hatua kumi na tano za udongo laini, kisha barabara, kisha sindano, kisha Jumatano zote zinazokuja. Jina limesafishwa mbele ya balozi. Kilichobaki ni kutembea na kunyamaza.

Danieli alipiga hatua moja.

"Msiing'oe," akasema.

"Nini?"

"Hiyo miche. Iacheni."

"Danieli!" Yudith akamfunga mdomo kwa kiganja, mbele ya watu wote, kama anamzuia mtoto asile udongo. "Kifua kinamsumbua, hajui anachosema. Balozi, msaidie kumshika!"

Kumbe alijua. Ndiyo, msomaji, Yudith alijua. Alijua tangu wodini Tanga, Danieli akiwa bado na mpira wa hewa puani, na alimwapisha pale pale kitandani asimwambie kiumbe. Miezi miwili ametukanwa muuaji na yeye anajibu matusi kwa matusi, na muda wote huo ana jambo zito kuliko matusi yote.

Danieli aliushusha mkono wa mama yake taratibu. Aliongea vipande vipande, kadiri kifua kilivyomruhusu.

"Mama Anselm. Alianza kutetemeka. Meno yanagongana. Nahodha akauliza, tuingie bandari ya karibu aonwe na daktari? Kaka Yohane akasema tuingie. Akasema mtu aliyemeza maji ya bahari halazwi. Anakaa, anaangaliwa, mpaka kesho yake. Si ulisema, kaka?"

Yohane hakuinua kichwa. "Nilisema."

"Mimi nikasema hapana. Nikasema sisi ni watu wa milimani, hii ni baridi tu. Naijua tangu mdogo. Nikamcheka kaka Yohane, nikamwambia wewe mtu wa joto utajuaje kutetemeka. Nahodha alikuwa anatafuta mtu wa kumwambia hivyo. Hakutaka kuchelewa. Akasema, haya, ndugu yake amesema."

"Endelea," Dorothea alisema.

"Nikampeleka chini kitandani. Nikamvua nguo zote. Nikamvua viatu, nikamsugua nyayo mpaka zikapata moto. Nikampa chai ya tangawizi. Nikamfunika mablanketi matatu, la nne langu. Nikawafukuza wote mlangoni. Nikawaambia muacheni alale, akiamka ni mzima."

"Alikuwa anasema nini?"

"Kifua kinabana. Nikamwambia ni baridi inatoka. Alikuwa anakohoa. Nikamwambia kohoa itoke." Akasimama kuvuta pumzi, na umati mzima ukaisikia ikikwaruza. "Halafu akaacha kutetemeka. Nilimshukuru Mungu, mama. Nilipiga magoti pale. Nikapanda juu kuwaambia wenzangu amepona."

Yohane akaizungusha kofia yake mikononi.

"Saa tisa mchana nikashuka kumwamsha ale. Mdomoni mlikuwa mmejaa povu jekundu jekundu. Blanketi halijasogea. Nilivyomfunika ndivyo alivyokuwa. Hapo na mimi nikaanguka. Nilipoanguka mimi, ndipo meli ikaingia bandarini."

"Kwa ajili yako," alisema Dorothea.

"Kwa ajili yangu."

Tuseme lile ambalo daktari wa Tanga alimweleza Danieli, kwa sababu Danieli alishindwa kulimaliza na Yohane akamsaidia. Maji yakiingia kwenye mapafu, hata kidogo, mtu anaweza kutoka majini akatembea, akaongea, akatania. Lakini mapafu yameshajeruhiwa. Yanaanza kujaa yenyewe, polepole, saa baada ya saa. Anaonekana anahisi baridi. Anaonekana ana usingizi. Kutetemeka kunaisha kwa sababu nguvu zinaisha. Mtu huyo anatakiwa kukalishwa, kupewa hewa ya mtungi, kuangaliwa na daktari. Danieli alipewa hewa hiyo siku tisa, naye ndiye aliyekunywa maji mengi zaidi. Anselm alipewa mablanketi manne.

"Kwa hiyo boya alimpa," sauti moja ikasema nyuma, "halafu akamuua kwa blanketi."

"Nyamaza wewe!" Kornelio akafoka. Lakini neno lilikuwa limeshatoka. Na wale waliokuwa wameshuka kuelekea kwa Yudith wakaanza kupanda tena, kimya kimya, hatua moja moja. Aliyemshika Danieli kwapani akakumbuka kwamba mkono wake una kazi nyingine.

Danieli akayumba. Hakuna aliyemdaka isipokuwa mama yake.

"Umefurahi?" Yudith alimnong'oneza huku analia kwa hasira. "Njia ulikuwa nayo mkononi. Umefurahi sasa?"

Kila mtu alingoja Dorothea alipuke. Wengine walilitazama jembe lilivyolala, wakakadiria umbali. Esteria alishika khanga yake vizuri, tayari kukimbia ama kusogea, kutegemea.

Dorothea hakuligusa jembe. Aliuliza kwa sauti ya kawaida, kama anayeuliza bei.

"Nani alikufundisha hivyo?"

"Nini, mama?"

"Kumvua. Kumsugua nyayo. Chai, mablanketi, na kufukuza watu mlangoni. Nani alikufundisha?"

Danieli akautazama mlango wa nyumba ya Dorothea.

"Muache mtoto!" Yudith akapiga kelele. "Si ameshasema? Unataka nini tena, damu?"

"Sijakuuliza wewe, Mama Danieli. Namuuliza yeye."

"Unajua, mama," Danieli akasema.

"Nataka niambiwe. Balozi yupo, watu wapo."

Danieli alifumba macho.

"Wewe, mama."

Kornelio akavua kofia bila kujua kwa nini.

"Mwezi wa sita na wa saba, tukirudi shule tumeloa ukungu na mvua," Danieli alisema. "Mama yangu alikuwa bado shamba la chai, hajarudi. Ulikuwa unatupokea wote wawili pale mlangoni kwako. Unatuvua, unatusugua miguu. Anselm alikuwa anacheka kwamba unamtekenya. Unatulaza kitanda kimoja. Akija mtu kuuliza, unamfukuza. Unasema mtoto aliyepigwa na baridi hasumbuliwi. Unasema akiacha kutetemeka ameshapona." Pumzi ikakatika, akaitafuta, akaipata. "Mama, sikuwahi kuona umekosea. Hata siku moja."

Dorothea alilikunja sweta mapajani, akalikunjua tena.

Fikiria miezi miwili. Miezi miwili amelala na kuamka akimtafuta aliyemuua mwanawe, na kila asubuhi alikuwa na pa kwenda, alikuwa na jembe, alikuwa na njia ya kulima, alikuwa na jirani wa kutukana. Alishampata mtu. Leo amefunguliwa mkono wa huyo mtu, na ndani ya mkono huo kumekutwa kazi yake mwenyewe, kila kitu vile vile alivyokifanya, hakuna kilichopunguzwa.

"Si kosa lako, mama," Yohane akajaribu. "Ile baridi ya huku na yale maji ya kule ni vitu viwili..."

"Umekula njiani?" Dorothea akamuuliza ghafla.

"Nimekula Soni, mama. Mahindi ya kuchoma."

"Basi nakushukuru. Nenda salama. Mungu akulipe kwa sweta."

Yohane akaelewa kwamba ameruhusiwa kuondoka, wala hajakaribishwa kiti. Akapanda mteremko kwa ubavu, vile vile alivyoshuka. Hakugeuka kumuaga Danieli.

Kornelio akasafisha koo. "Mama Anselm, na hii njia? Tuseme nini? Ng'oa au acha?"

"Balozi, waondoe watu uwanjani kwangu."

"Nimeuliza njia."

"Na mimi nimejibu watu."

Watu wakaondoka, si kwa haraka. Esteria alikuwa wa mwisho, na hata yeye alipofika kwenye kona ya migomba alikumbuka ghafla kufunga kamba za viatu, na viatu vyake ni ndala. Kornelio akabaki barabarani juu, akijifanya anaongea na yule wa bodaboda ya Yudith kuhusu tairi.

Yudith akapitisha mkono wa Danieli begani kwake. "Twende nyumbani. Tutatafuta watu wa kukubeba. Nitakubeba mimi, hata kama ni kwa mtoni."

"Huyo muache," alisema Dorothea.

"Nimuache wapi?"

Dorothea aliinuka, akaingia ndani, mlango ukabaki wazi. Wakasikia mfuniko wa sufuria. Wakasikia maji yanamiminwa.

"Sikiliza," Yudith akamwambia mwanawe sikioni, vidole vyake vimeubana mkono wa kijana. "Usiingie mle. Mwanamke aliyekuita muuaji miezi miwili hakupikii leo kwa upendo. Umesikia? Angepiga kelele nisingeogopa. Angekupiga nisingeogopa. Hakulia, Danieli! Umemwona? Hakulia hata chozi!"

"Nimemwona."

"Tunaondoka."

"Mama, sina pumzi ya kuondoka."

Dorothea alitokeza mlangoni. Mkono mmoja ulishika jagi la maji, mwingine beseni la kunawia. Alikuwa amejifunga khanga safi. Macho yake yalikuwa makavu kabisa, na yalimtazama Danieli peke yake, kama vile Yudith hayupo, kama vile bonde lote halipo.

Bodaboda kule juu ikapiga honi. Saa nane ilikuwa inakaribia.

"Makande yako mezani," Dorothea alisema. "Karibu ndani, Danieli, unawe mikono, ule. Mama yako atangoja huko nje."